Kubeba Si Shida, Shida Ni Kurudi



Neno la leo ni refu kidogo, kwa hivyo kama una chai, iweke karibu. Wengi wenu mmenipigia simu mkiuliza ile pikipiki ya zamani mliyoniona nayo Jumapili iliyopita nje ya kanisa ni ya nani, na Pasta ameanza lini mambo ya nduthi. Nitawaambia. Lakini hadithi ya pikipiki hiyo ina sehemu ambayo si nzuri kwangu, na nimeomba Mungu anisaidie niiseme yote bila kuipaka rangi.

Pikipiki ile ilikuwa ya Mzee. Wale mliokuwa nasi tangu enzi za hema mnajua nikisema Mzee namaanisha nani. Ni baba yangu wa kiroho, aliyeanzisha kazi hii, aliyeniongoza kwa Bwana nikiwa kijana wa miaka 19, akauza magunia yake ya mahindi ili mimi nilipiwe karo ya chuo cha Biblia. Ni Yamaha DT175 ya mwaka 1981. Alizunguka nayo vilima vya Cherangany miaka na miaka, Biblia ikiwa ndani ya karatasi ya plastiki kifuani, betri ya gari ya kuendesha spika ikiwa imefungwa nyuma kwa mpira. Marram ile mnaijua. Kukiwa kavu ni mawe, kukinyesha ni sabuni. Mara nyingi mimi ndiye nilikuwa nimekalia betri.

Mzee alilala mwaka jana, mwezi wa nane. Tulimzika Ijumaa. Jumapili nikahubiri ibada zote mbili. Jumatatu nikakaa na wazee wa kanisa, kwa sababu kulikuwa na mambo ya ploti na ya mishahara. Jumatano tukaanza mfungo. Watu wakasema, "Pasta wetu ana nguvu, hata hajatikisika." Nikubali ukweli mbele zenu, nilipenda kusikia hivyo. Sikulia. Sikuchukua hata siku moja. Nilijiambia kwamba Mzee yuko mahali pazuri, na mtu wa imani hakai chini kuomboleza.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Jumapili moja, kijana wetu anayepiga kinanda alichelewa. Ilikuwa mara yake ya tatu. Aliingia wakati wa sifa, akiwa na koti la bodaboda, akaanza kuunganisha nyaya zake polepole asivuruge watu. Nilichukua maikrofoni. Sitarudia niliyosema. Mliokuwepo mliyasikia, na yalitoka kwa spika zote nne. Yule kijana alinitazama, akasema, "Pole, Pasta," akachomoa waya aliokuwa ameshika, akatoka nje. Nikaendelea na ibada. Nikahubiri. Watu watatu wakaokoka siku hiyo. Nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba Mungu amethibitisha.

Mama watoto hakuniongelesha mpaka jioni. Halafu akasema jambo moja tu: "Baba Imani, huyo mtoto alikuwa amebeba abiria usiku mzima kutafuta kodi ya nyumba."

Sikujibu. Na sikumtafuta yule kijana. Kila wiki nilisema nitampigia, na kila wiki nikapata kazi ya Mungu ya kufanya.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Mama, mjane wa Mzee, akanipigia simu. "Mwanangu, njoo utoe hiki chuma cha baba yako hapa chini ya mparachichi. Panya wamejenga ndani ya kiti." Nikaenda na pikapu ya ndugu mmoja, tukaibeba mpaka gereji ya jua kali hapa Kitale, kwa fundi mmoja mzee ambaye alikuwa akimtengenezea Mzee tangu zamani. Fundi huyu hajaokoka bado, na ananiambia hivyo kila tukikutana ili nisisahau kumwombea.

Injini haikumsumbua sana. Kabureta iliosha, plagi mpya, petroli safi, ikaguruma siku ya pili. Nikafurahi, nikamwambia nataka kuiendesha. Akakataa. "Panda kwanza, Pasta, lakini usiwashe." Nikapanda. Akaniambia nishuke. Kisha akaweka mikono yake miwili kwenye kiti, akabonyeza chini kwa uzito wake wote, akaachilia ghafla. Nyuma ya pikipiki ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena. Ilidunda mara nne kabla ya kutulia.

Akaniuliza, "Umeona shida iko wapi?"

Nikamwambia springi imekufa.

Akacheka. "Springi iko sawa kabisa. Si umeikalia ikakubeba? Kubeba si shida, Pasta. Shida ni kurudi."

Wapendwa, nilisimama pale na mafuta mikononi, nikahisi kama mtu amenisoma. Lakini hebu kwanza niwaeleze jambo lenyewe kama alivyonieleza, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui.

Wengi wetu tukitazama shoki ya pikipiki tunaona ile springi iliyojizungusha nje, tunadhani hiyo ndiyo shoki. Sivyo. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Gurudumu likiingia kwa shimo, springi inajikunja na kumeza lile pigo. Lakini springi haijui kusahau. Nguvu yote iliyopewa na lile shimo inataka kuirudisha, na inataka kuirudisha mara moja. Kama hakuna kitu cha kuizuia, inamrusha mwendeshaji. Unaweza kupita shimo salama na uanguke mita tano mbele ya shimo.

Kitu cha kuizuia kiko ndani, hakionekani. Ndani ya ile bomba kuna oili, na ndani ya oili kuna pistoni yenye matundu madogo. Juu ya matundu hayo kuna vibati vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama sarafu. Shafti ikisukumwa ndani au ikivutwa nje, oili inalazimika kupita kwenye yale matundu, ikivisukuma vile vibati. Inapita kwa shida, kwa hivyo springi inarudi polepole. Ile nguvu ya pigo inageuka kuwa joto, na joto linatoka kupitia ngozi ya bomba na kwenda na upepo.

Na nyuma ya oili kuna gesi. Kwenye shoki hii ya DT gesi na oili vimetenganishwa na pistoni nyingine ndogo inayoelea. Mbinu hiyo ya gesi ilitoka kwa Mfaransa aliyeitwa de Carbon. Kutumia shoki moja nyuma badala ya mbili, ikiwa imelala chini ya tangi, kulitoka kwa mhandisi Mbelgiji, Lucien Tilkens. Yamaha walichukua wazo lake, na mwaka 1973 likaonekana kwenye mashindano ya dunia ya motokrosi, mwaka ambao Håkan Andersson wa Sweden alichukua ubingwa wa cc 250 akiwa na Yamaha. Mzee hakujua hayo yote. Yeye alijua tu kwamba mawe ya Cherangany hayakumvunja mgongo.

Sasa, gesi hiyo inafanya nini? Haibebi uzito. Inaibana oili. Kwenye barabara mbaya pistoni inakwenda mbio sana, na oili isipobanwa inatengeneza povu. Povu linapita kwenye matundu bila kizuizi chochote. Ukifungua utakuta oili imo, lakini imekuwa povu, haifanyi kazi. Fundi aliniambia shoki nyingi hazifi kwa siku moja. Asubuhi iko sawa, lakini baada ya mawe ya saa mbili mfululizo imekuwa mpira.

Nikakumbuka ibada ya kwanza na ibada ya pili. Ibada ya kwanza mimi ni mpole. Mliokuja ya pili mnajua.

Tukaanza kazi. Tulitoa kiti, tukatoa tangi, tukainua nyuma kwa matofali, tukafungua zile bolti mbili na kuitoa shoki. Mimi nilikuwa na haraka, nikashika spana nianze kufungua kichwa cha bomba. Fundi akanipiga mkono, kweli, kama mtoto. "Hapo ndani kunaweza kuwa na presha tangu mwaka wa 81. Ukifungua hivyo, pistoni itatoka kama risasi ikupate kwa jicho." Hata shoki inayoonekana imekufa hafungui kwa pupa. Kwanza alilegeza springi na kuitoa. Halafu akatafuta upande wa gesi, akaifunika kwa kitambaa, uso wake ukiwa kando, akatoboa katundu kadogo sana na kuacha itoe pumzi. Ilitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi akiwa amechoka. Karibu gesi yote ilikuwa imeshaondoka zamani.

Tulipofungua, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na ilikuwa nusu. Sili ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikasema, sawa, tununue sili mpya, tujaze oili, tuweke gesi, tumalize leo. Duka la beringi lina sili za kila saizi, unapima tu.

Fundi akashika shafti, akapitisha ukucha wake juu yake, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Pitisha wako," akaniambia. Nikapitisha. Katikati ukucha ulikwama. Palikuwa na vishimo vidogo vya kutu, vidogo hata macho hayaoni vizuri. Pikipiki ilikuwa imekaa miaka mingi pahali pamoja, na kutu ilikula pale pale.

"Hii ndiyo ilikata sili," akasema. "Ukiweka mpya leo, itakatwa pia. Utajaza oili, utajaza gesi, utatembea wiki mbili, na utarudi hapa kunilaumu."

Wapendwa, nisikilizeni hapa, kwa sababu sisi watu wa Roho tuna ugonjwa huu, na mimi ndiye wa kwanza. Tunapenda kujazwa. Kesha ya mwisho wa mwezi, tunajazwa. Mkutano wa wachungaji, tunajazwa, tunarudi tukiwaka moto. Ikifika Alhamisi tumeshamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe. Tunasema, "Nahitaji kujazwa tena." Ni kweli. Paulo alipowaandikia Waefeso kuhusu kujazwa Roho, kwa Kigiriki kitenzi hicho kiko katika hali ya kuendelea, si jambo la mara moja. Lakini tuulize pia, ile ya juzi ilienda wapi? Ilivujia wapi? Kuna kidonda kidogo mahali fulani kwenye shafti, na kila tukisonga juu na chini kinakata sili ile ile. Mungu hana upungufu wa mafuta. Sisi ndio hatutaki kupitisha ukucha.

Shafti ilibidi ipelekwe Nairobi kwa basi, isuguliwe na kupakwa kromu upya. Ilikaa siku tisa. Fundi akaning'iniza sehemu nyingine zote kwenye misumari ukutani, akaniambia niende nyumbani.

Katika hizo siku tisa nilikuwa natayarisha somo la Musa. Mnajua kile kisa cha kuupiga mwamba. Nimekihubiri labda mara kumi. Kila mara naanzia kwa watu kukosa maji, kwa sababu hapo ndipo kunanoga. Safari hii nilianzia mwanzo wa sura, Hesabu 20, na nikaona mstari ambao nilikuwa nauruka miaka yote. Kabla ya maji, Miriamu alikufa. Alikufa pale Kadeshi, akazikwa pale. Na mstari unaofuata, hapo hapo, hakuna maji na watu wamemzunguka Musa wakigombana naye.

Miriamu ni dada yake. Wengi wetu tunaamini ndiye yule dada aliyesimama kando ya mto akilinda kile kisafina. Amezikwa, na Biblia haitwambii kwamba kulikuwa na hata siku moja ya maombolezo. Ukienda mwisho wa sura hiyo hiyo, Haruni anakufa, na taifa zima linamlilia siku 30. Kwa Miriamu hatuoni hata moja. Tunaona tu watu wanataka maji.

Na Musa, mtu aliyesifiwa katika Hesabu 12 kwa upole kuliko wanadamu wote, anaambiwa auambie mwamba, tena mbele yao. Badala yake anawafokea watu hadharani, anawaita waasi, anaupiga mwamba mara mbili.

Musa alibeba miaka karibu 40. Kubeba hakukumshinda. Siku hiyo alirudi vibaya.

Na jambo lililonivunja ni hili. Maji yalitoka. Yalitoka mengi, watu wakanywa na mifugo yao. Ungekuwa pale ungesema Mungu amethibitisha huduma ya Musa. Lakini Mungu alikuwa na neno na Musa pembeni, na lile neno lilimgharimu Kanaani. Kwa hivyo maji kutoka si ushahidi kwamba moyo wa mtumishi uko sawa. Mungu aliwanywesha watu kwa sababu walikuwa na kiu. Na wale watatu waliookoka Jumapili ile, Mungu aliwaokoa kwa sababu anawapenda. Haikuwa stempu ya kuidhinisha maneno yangu.

Nilifunga Biblia, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku ambako watoto hawaji, nikamlilia Mzee. Miezi mitano baada ya kumzika. Nililia mpaka Mama watoto akaja akasimama mlangoni, akaniona, akarudi bila kusema kitu. Baadaye aliniletea maji ya kunawa.

Kama kuna mtu alikufundisha kwamba kuomboleza ni kukosa imani, soma Matendo 8:2. Stefano amekufa akiwa amejaa Roho, amemwona Bwana kwa macho yake, na bado watu wacha Mungu wanamzika na kumlilia sana. Soma Yohana 11. Bwana mwenyewe alikuwa anajua atamfufua Lazaro baada ya dakika chache, na alilia. Machozi ni moja ya njia ambazo pigo linageuka joto na kutoka. Usipoyatoa, hayaendi popote. Yanangoja mtu achelewe kanisani.

Shafti ikarudi ikiwa inang'aa. Fundi aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akavipanga vile vibati kwa utaratibu ule ule aliovitoa, akaweka sili mpya na o-ringi mpya. Halafu akaanza kumimina oili, na hapo nikajifunza subira. Alijaza, akaisukuma pistoni chini polepole, akaivuta polepole, mapovu yakapanda. Akangoja. Akaongeza. Akarudia. Nilihesabu zaidi ya mara 20 kabla ya mapovu kwisha. Ukiharakisha unatengeneza mapovu mengine. Kiputo kimoja kikibaki ndani, utakisikia barabarani.

Gesi ilikuwa ya mwisho. Sio ya kwanza! Alifunga ndani ya lile tundu valvu ndogo kama ya tairi la gari. Kijana wa welding wa jirani akaja mbio kutusaidia, akivuta bomba lake la oksijeni. "Fundi, presha si ni presha? Hii ni gesi pia." Sijawahi kuona mzee akiruka vile. Alimfukuza mpaka nje ya geti. Oksijeni ya mtungi ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka kama bomu, wapendwa. Tafadhali, vijana mlio kwenye gereji, msijaribu kamwe. Hata upepo wa kompresa ya tairi haufai, kwa sababu una unyevu, na unyevu ndio uliotuletea kutu.

Inatakiwa nitrojeni kavu. Ni ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, karibu asilimia 78, lakini safi, peke yake. Haichomi, haileti kutu. Tuliipata kwa fundi wa friji, ndugu wa ushirika wetu wa Jumatano, anayo ya kupimia mabomba kama yanavuja. Alikuja na mtungi na geji yake, akaweka psi 150 polepole sana, akafunga. Tukaipaka maji ya sabuni kutafuta kama kuna kiputo. Hakuna. Tukailaza usiku kucha.

Asubuhi nilitaka kuipima tena kwa geji ya tairi nione kama imeshikilia. Fundi akakataa. Chumba cha gesi ni kidogo sana, hata ile pumzi inayoingia kwenye geji inatosha kushusha presha. "Usiipime kila saa, Pasta. Iendeshe. Barabara itakwambia."

Tuliirudisha kwenye pikipiki. Akabonyeza kiti kwa uzito wake wote, akaachilia. Ikapanda polepole, mara moja, ikatulia.

Nilimlipa, nikavaa helmeti ya Mzee, nikaondoka. Sikwenda nyumbani. Nilienda steji ya bodaboda.

Yule kijana alikuwa pale, na wenzake kama wanane. Nilikuwa nimepanga kumwita kando. Lakini njiani nilikumbuka kwamba sikumwita kando siku ile. Nilimkosea mbele za watu. Kwa hivyo nilizima pikipiki, nikatoa helmeti, nikamwambia pale pale, wote wakisikia, kwamba nilimkosea, kwamba hakustahili maneno yale, kwamba nilijua baadaye alikuwa ametoka kazini usiku na bado nilikaa kimya miezi miwili kwa kiburi, na kwamba naomba msamaha.

Vijana wote walinyamaza. Yeye aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekusikia, Pasta. Nipe muda."

Nikamwambia, "Chukua."

Halafu kwa sababu ni watu wa pikipiki, mmoja akaja akaanza kuizunguka ile DT, mwingine akakalia. Yule kijana naye akasogea. Akaweka mkono kwenye kiti, akabonyeza, akaachilia. Akatazama inavyopanda. Akafanya tena. "Hii imetulia," akasema. Hiyo tu.

Amenipa ruhusa niandike haya. Hajarudi kwenye kinanda, na naomba sana mtu yeyote asimsukume wala kumpigia simu kwa niaba yangu. Jumapili iliyopita alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo. Mimi namshukuru Mungu kwa kile kiti cha nyuma. Na Jumapili hii, kwa kuwa nilitumia maikrofoni kumkosea, nitaitumia pia kuomba radhi mbele ya kanisa. Wazee wa kanisa wamenipa wiki mbili za kupumzika kuanzia Jumatatu, na safari hii nimekubali. Nitampeleka Mama kaburini kwa Mzee, tukae naye kidogo.

Mpendwa unayesoma haya, sitakuuliza unabeba nini. Najua unabeba. Unabeba karo, unabeba mgonjwa, unabeba ndoa, unabeba msiba ambao hukupata nafasi ya kuulilia kwa sababu kulikuwa na watu wa kulishwa. Watu wanakusifu kwamba una nguvu. Nakuuliza unarudi vipi. Ukishapita lile shimo, nani anarushwa? Ni mtoto? Ni msichana anayekusaidia nyumbani? Ni mke? Huyo ndiye anajua hali ya oili yako.

Usianze kwa kutafuta mahali pa kujazwa. Anza kwa kupitisha ukucha mbele za Mungu, polepole, mwanzo hadi mwisho, mpaka ukwame. Pale ulipokwama, mwambie Yeye. Na kama kuna mtu uliyemrusha, mtafute. Ulimkosea faraghani, mwone faraghani. Ulimkosea hadharani, unajua la kufanya.

Tuombe.

Baba, asante kwa sababu hukutuumba kubeba tu. Wewe unajua mashimo yote tuliyopita, hata yale tuliyosema hayakutuuma. Tunaomba utufungue polepole, kwa mkono wako wa upole, utoe kilichokuwa kimebanwa ndani. Gusa pale penye kutu. Wape waliofiwa nafasi ya kulia, na sisi viongozi tupe unyenyekevu wa kusema tumekosa. Wale tuliowaumiza, uwaponye, hata kama hawatarudi kwetu. Kisha, Bwana, tujaze. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA hapo chini, na umtumie mmoja anayebeba sana. Kama unahitaji kuongea na mtu, njoo ofisini. Wiki mbili hizi utampata Mama Mchungaji na wazee. Mungu awabariki. 🙏🏾